Brashi zangu saba za akriliki zimekauka kama misumari. Kuna ya kuokoa?

RangiYaZiwa (Kisumu), Alhamisi saa 2 usiku

Wadau, habari za jioni. Mimi huchora hapa nyumbani Nyalenda, zaidi ni ziwa, mitumbwi na kina mama wa samaki, kwa rangi za akriliki. Ijumaa iliyopita nilikuwa katikati ya kanvasi ya futi tatu kwa nne, simu ikaingia ya msiba kule Ugenya. Brashi zote saba nikazitumbukiza kwenye kopo la maji, nikafunga mlango, nikakimbilia steji. Nilijua Jumapili nitakuwa nimerudi. Misiba ya kwetu mnaijua. Nimeingia leo mchana.

Kopo lilikuwa na maji kidogo tangu mwanzo, na joto la chumba hiki cha mabati limeyanywa yote. Chini umebaki utando wa kijivu kama malai ya maziwa yaliyolala. Brashi mbili kubwa ukizigonga mezani zinalia ko! ko! kama mwiko. Ile ndogo ya mviringo namba 4, ambayo ndiyo nachorea kamba za mitumbwi na macho ya watu, imepinda ncha kama mkia wa nge. Na bapa yangu namba 12, mpini ulivimba kwa maji, sasa umesinyaa, vanishi inabanduka na lile bati la shingoni linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nimeziosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, hakuna kitu. Jirani yangu fundi wa kupaka nyumba anasema nizizamishe kwenye thina usiku kucha. Kabla sijamalizia kuziua, naomba kusikia waliopitia haya.

Otenga_99

Pole kwa msiba, omera. Hizo brashi washia jiko, kesho nunua zingine.

FundiHerufi (Nakuru)

Usimsikilize huyo wa jiko. Na thina iweke kando kwanza.

Mimi ni mwandishi wa mabango hapa Nakuru, nimeua brashi nyingi kuliko ulizowahi kununua, kwa hivyo naongea kama mkosaji mwenzako. Elewa kwanza kilichokupata. Akriliki ni unga wa rangi pamoja na chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakiondoka, zile chembe zinasogeleana, zinashikana, zinakuwa ngozi moja. Ikishakuwa ngozi, maji haiyatambui tena hata uyachemshe. Wewe jana ulikuwa unaosha rangi, leo unaosha plastiki. Na hayo maji ya moto yamekuharibia zaidi: yanaharakisha kugandisha ile iliyokuwa bado mbichi ndani, na yanalegeza gundi inayoshika nywele kwenye bati.

Sasa fanya hivi. Chukua kila brashi, ibonyeze kwa vidole viwili pale nywele zinapoingia kwenye bati. Achana na ncha. Ncha ngumu ina dawa. Lakini shingo ikiwa ngumu kama mfupa, jua kuna kidonge cha plastiki kimekaa mle ndani kinazisukuma nywele nje, ndiyo maana brashi ya akriliki ikichoka inafunguka kama ufagio wa chelewa. Brashi hufia shingoni. Tuambie ngapi ni ngumu shingoni, ngapi ni ncha tu, na ni nywele gani, nailoni au za nguruwe.

RangiYaZiwa

Nimebonyeza zote. Tatu ni ngumu mpaka ndani ya bati, zikiwemo zile mbili za ko-ko. Tatu zimekauka kuanzia katikati kwenda ncha, shingo bado inanepa. Ile bapa ya jino bovu ni mojawapo. Ya mkia wa nge haina rangi kavu kabisa, imepinda tu.

Zote nailoni isipokuwa moja ya nguruwe, nywele nyeupe ngumu, niliachiwa na mgeni mmoja aliyekuja kununua picha. Hiyo ni ya tatu kwenye kundi la walio mahututi.

FundiHerufi (Nakuru)

Vizuri, una matumaini kuliko nilivyofikiri.

Nenda duka la dawa ununue spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Alkoholi huilainisha akriliki kavu, jambo ambalo sabuni haiwezi. Mimina kwenye chupa ya jemu, kimo cha nywele tu kwa zile tatu za ncha, isifike kwenye bati. Brashi isisimame kwa ncha yake, hilo ndilo kosa lililokupa mkia wa nge. Toboa kipande cha katoni, kifunike mdomo wa chupa, pitisha mipini kwenye matundu, na kila mpini ubane kwa kibanio cha nguo ili nywele zining'inie bila kugusa chini.

Nusu saa, toa. Lalisha brashi juu ya gazeti, ichane kwa mswaki mkuukuu, siku zote kuanzia shingoni kwenda ncha, usirudi nyuma. Rangi ikianza kutoka kama makamasi, uko njiani. Futa, rudisha kwenye spiriti, rudia. Ukichoka wewe kabla ya rangi, pumzika, lakini ifunike chupa kwa nailoni maana spiriti inaruka. Mwisho kabisa osha kwa sabuni ya kipande.

Wale watatu wa shingoni waweke ndani mpaka bati lizame kidogo. Sikuahidi kitu hapo.

Dirisha liwe wazi, na jiko lisiwe hata mlango wa pili. Spiriti inashika moto kabla hujamaliza kusema "mama".

PlastaNaRangi (Bungoma)

Mulembe wadau. Naona mnaidharau thina bure. Miaka kumi na mitano nimepaka nyumba Bungoma na Webuye, brashi zangu za inchi nne naziosha kwa thina au mafuta ya taa na mpaka leo zinapiga kazi. Spiriti ni ya hospitali.

FundiHerufi (Nakuru)

Ndugu yangu, wewe una haki kwa brashi zako. Kwenye milango na madirisha unapaka rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta inaelewana na tapentaini na mafuta ya taa. Akriliki haiwajui hao. Zamisha brashi yenye akriliki kavu kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi utatoa brashi yenye akriliki kavu inayonuka mafuta ya taa.

Thina ile kali ya wapuliza magari, kweli itaila akriliki, sikatai. Itakula pia vanishi ya mpini, na inaweza kulainisha nailoni yenyewe pamoja na gundi. Brashi ya inchi nne ina nywele za kutosha, haijali zikipungua mia. Namba 4 ya kuchorea jicho la samaki inajali. Halafu jamaa anachora chumba hichohicho anacholala. Mvuke wa thina usiku kucha ndani ya chumba kimoja, hapana.

Kuchanganyikiwa huku kunatoka mbali kidogo. Watu wamechora kwa rangi za mafuta karne na karne, kwa hivyo mafunzo mengi ya kutunza brashi yaliyotufikia ni ya mafuta: tapentaini, kitambaa, mafuta kidogo kwenye nywele, basi. Akriliki ya maji ya wachoraji ni mtoto wa juzi. Liquitex ya Marekani, mojawapo ya zile za kwanza kabisa, ni ya 1955. Mtoto huyu hajalelewa kwa tapentaini.

PlastaNaRangi (Bungoma)

Hapo umenipata. Na emulsheni ya ukutani je? Nayo si tunakoroga kwa maji?

FundiHerufi (Nakuru)

Hiyo ni ya ukoo mmoja na akriliki. Maji na sabuni, kabla haijakauka. Ndiyo maana brashi yako ya emulsheni hufa mapema kuliko ya gate, ile ya rangi ya mafuta, na wewe unailaumu brashi.

Otenga_99

Watu wa Nakuru mna maneno.

FundiHerufi (Nakuru)

Mji wetu UNESCO iliuweka kwenye orodha ya miji bunifu mwaka 2021 kwa kazi za mikono na sanaa za jadi. Tuacheni tuongee.

MwalimuWaKuchora (Kakamega)

Naomba niongeze kidogo, maana mmeshika tiba mkaacha kinga.

Nafundisha sanaa, nina wanafunzi 52 na brashi 18. Brashi hizo ziko muhula wa tano na bado zina ncha. Si kwa sababu ni za bei, ni za bei ya chini kabisa. Ni kwa sababu ya sheria moja iliyoandikwa ukutani: BRASHI HAIGUSI MAJI KABLA HAIJAGUSA GAZETI. Mtoto akimaliza, anaikunja brashi ndani ya gazeti, anabana shingoni kwa vidole, anavuta. Mara tatu nne. Rangi nyingi inabaki kwenye gazeti. Walimu wengi wanaanzia kwenye ndoo ya maji, na hapo ndipo rangi inapoyeyuka, inapanda na maji, inajificha ndani ya bati.

Baada ya gazeti, ndoo ya kwanza ni ya kutikisa, chafu. Ndoo ya pili ni safi, ya kumalizia. Maji ya kawaida, au ya uvuguvugu asubuhi ya baridi. Kisha sabuni. Mimi hutumia kipande cha Menengai, ile nyeupe ya kufulia, nakikata vipande vidogo. Mtoto analowesha kiganja, anapaka sabuni kiganjani, kisha anaizungusha brashi hapo taratibu kama anayechora duara, bila kuikandamiza mpaka nywele zitawanyike. Povu litatoka na rangi. Suuza, rudia. Kila raundi anakamua kutoka shingoni kwenda ncha, na hapo huwa nawaambia wakamue kama titi la ng'ombe, wa huku wananielewa mara moja. Wanaacha povu likiwa jeupe, si likiwa "karibu jeupe". Hiyo "karibu" ndiyo inayokaa shingoni.

Kuna bluu na kijani fulani kali ambazo zitaacha nywele za nailoni na doa hata povu likiwa jeupe pe. Doa si rangi. Msisugue mpaka brashi ipate upara.

Kosa langu mwenyewe: mwaka wa kwanza nilikuwa nikizisimamisha zikiwa mbichi, nywele juu, ndani ya kopo la kakao, zinapendeza kama maua. Maji yote yakawa yanateremka ndani ya bati na kuloesha mti. Mabati yakaanza kuchomoka moja moja. Sasa zinalala ukingoni mwa meza, nywele zikining'inia nje, usiku mzima. Asubuhi zikiwa kavu ndipo zinasimama koponi.

Na ncha unaitengeneza kwa vidole, sio kwa mdomo. Nawaona wachoraji wakubwa wakilamba. Rangi nyingine zina kadmiamu au kobalti ndani, hicho si chakula.

Ya mwisho ya kuchekesha: mwanafunzi mmoja alikuta brashi imekauka ncha, akaogopa kusema, akainyoa kwa mkasi. Nywele zimebaki kimo cha ukucha. Nilitaka kukasirika, kumbe ndiyo brashi bora ya kudonadona majani ya miti tuliyowahi kuwa nayo. Sasa wanaipigania.

MamaKanvasi (Nakuru)

Mwalimu, huku kwangu maji ni ya kisima, yana chumvi, sabuni ya kipande haitoi povu hata ukiomba. Povu jeupe nitalitoa wapi?

MwalimuWaKuchora (Kakamega)

Kinga maji ya mvua, mama. Lita tano zinakutosha wiki nzima kwa brashi. Mvua ikikosekana, sabuni ya maji ya vyombo, tone moja kiganjani, inapambana na maji ya chumvi kuliko kipande.

DungaKwetu (Kisumu)

Nimesoma mpaka hapa nikingoja mtu aulize, hakuna. Hayo maji machafu mnayamwaga wapi?

RangiYaZiwa, wewe ni jirani. Mitaro ya Nyalenda inaishia mto Auji, na Auji inaishia ziwani. Gugu maji limetutosha, usituongezee plastiki ya rangi. Tena ukimwaga kwenye sinki, ile akriliki inaganda ndani ya bomba, siku moja utamlipa fundi bomba bei ya brashi ishirini.

Njia ya uvivu: weka maji kwenye ndoo ya zamani, yaache siku mbili tatu bila kuyatikisa. Sehemu ya rangi itazama. Mwaga taratibu yale ya juu chini ya mgomba, sio mtaroni. Tope la chini liache likauke juani mpaka likunjike kama ganda, lifunge kwenye gazeti, tupa na takataka.

Njia bora: shabu. Wazee wa huku tunaijua. Mama yangu alikuwa akiizungusha kwenye pipa la maji ya matope mara chache, kesho asubuhi unaona mpaka chini. Kwenye maji ya rangi inafanya kazi hiyohiyo. Zile chembe huwa zinasukumana ndiyo maana zinaelea siku nenda siku rudi. Shabu inauvunja ule msukumano, zinashikana vibonge vibonge na kuzama. Ponda kidogo, koroga kwenye kikombe cha maji, mimina ndani ya ndoo huku unakoroga, ngoja. Ikigoma ongeza. Maji yanabaki na uchachu, kwa hivyo kuna wanaoongeza chokaa kidogo ya unga. Kampuni ya Golden ya Marekani inayotengeneza rangi hizi huwashauri wachoraji kitu cha namna hiyo, salfeti ya aluminiamu na chokaa. Vaa glavu kwa chokaa, na ndoo hiyo isirudi jikoni kamwe. Kisha chuja kwa kitambaa cha zamani.

Na sheria ya Mwalimu ya gazeti ndiyo inayopunguza kazi yote hii. Rangi iliyobaki kwenye gazeti haihitaji shabu.

RangiYaZiwa

DungaKwetu, nimekosa. Hilo la Auji sikuwahi kuliwaza, nilikuwa nikimwaga nje ya mlango kila jioni.

Nimenunua spiriti. Naanza kesho asubuhi, jiko likiwa kwa jirani.

MamaKanvasi (Nakuru)

Wakati tunamsubiri mgonjwa, mimi nina swali la kijinga. Mimi tatizo langu si baada ya kuchora, ni katikati. Nina mtoto wa miaka miwili. Nikiinuka kumtoa kwenye ndoo au kumzuia asile mchanga, nikirudi brashi imeshaanza kushika. Kuosha kila mara kwa sabuni siwezi, kuacha siwezi.

FundiHerufi (Nakuru)

Hilo si la kijinga, hilo ndilo swali lenyewe. Brashi haifi wakati wa kuosha, inakufa saa mbili kabla, wewe ukiwa umeinama unafurahia picha.

Mambo matatu ninayofanya. Kabla sijachovya rangi, nalowesha brashi kwa maji safi na kuikamua. Nywele zikiwa zimeshiba maji, rangi haipati njia ya kupanda mpaka shingoni. Pili, nachovya ncha tu, haizidi nusu ya nywele, hata nikiwa na haraka. Ukiona rangi imegusa bati, hapohapo acha kila kitu ukaosha. Tatu, nina sinia la plastiki bapa, nimetia kitambaa kilicholoa; brashi nisiyoitumia inalala hapo, hailali mezani na haisimami koponi.

Ukiitwa ghafla, usiweke kwenye maji. Futa kwa gazeti, kisha ifunge kichwa ndani ya nailoni ya mkate, zungusha mpira. Inakaa saa nzima na zaidi bila kushika. Zamani tulitumia mifuko ya duka, tangu ipigwe marufuku Agosti 2017 nailoni ya mkate imekuwa mali. Nyumbani kwangu hakuna anayeruhusiwa kuitupa, mke wangu ameshazoea.

Tena wewe uko Nakuru, una bahati. Huku juu, mita kama 1,850, asubuhi ya baridi rangi inakupa nafasi. Yule wa Kisumu saa nane mchana, ndani ya mabati, upepo wa ziwa unaingia dirishani, hana hata dakika tano. Kisumu ningechora alfajiri na jioni, mchana nikauze.

MamaKanvasi (Nakuru)

Asante sana. Na hii habari ya kupaka brashi kondishona ya nywele? Nimeiona kila mahali.

FundiHerufi (Nakuru)

Kwa nywele za mnyama, sawa, nazo ni nywele, zinakauka na kukatika. Kidogo, kisha suuza yote. Kwa nailoni unaipaka mafuta kamba ya kuanikia nguo. Na ikibaki humo, rangi itakataa kushika kanvasi. Ukitaka ncha ikae vizuri, acha sabuni kidogo kwenye nywele za nailoni, itengeneze kwa vidole, ikauke hivyo. Siku ya kuitumia, isuuze kwanza.

RangiYaZiwa, Jumamosi saa 1 jioni

Ripoti ya wodini.

Zile tatu za ncha: nimeziweka nusu saa, nikachana, hakuna kitu. Nikakata tamaa kidogo. Awamu ya pili, mswaki ukaanza kutoa kitu kama uzi wa bluu, unanyumbulika ukiuvuta. Ya tatu ukatoka ukoko mzima wa nyeupe na bluu, umeshika umbo la nywele, una mistari midogo kama alama za vidole. Nimeuhifadhi kwenye kiberiti. Mbili zimerudi karibu na zilivyokuwa. Ile bapa namba 12 nywele zimepona, lakini jino bovu bado. Nimekausha mpini siku nzima, nikatia gundi ya mbao kidogo ndani ya bati, nikalibana kwa koleo pande mbili. Sasa halichezi. Tutaona.

Mbili za ko-ko: saa tano za spiriti. Nywele za nje zimelegea, katikati kuna mfupa. Ukizitazama kwa ncha zimepanuka kama ua la alizeti. Nimekubali.

Ya nguruwe imenishangaza. Shingo imelainika kabla ya zile za nailoni, ila nywele zimebaki legelege kama zimechemshwa.

FundiHerufi (Nakuru)

Ya nguruwe hunywa maji, na siku sita koponi si mchezo. Ianike kivulini siku mbili imelala, ugumu wake unaweza kurudi. Lakini kwa akriliki usiifanye ya kila siku. Nywele za mnyama zinachoshwa na akriliki, rangi yenyewe ina ubesi kidogo, kinyume cha uchachu, na kulowa muda wote kunazimaliza. Iweke kwa kusugua mawingu.

Mkia wa nge je?

RangiYaZiwa

Bado umejikunja. Nimeilowesha na kuinyoosha kwa vidole, ikikauka inarudi palepale.

MwalimuWaKuchora (Kakamega)

Hapo sasa ndipo maji ya moto yana kazi, na ni hapo tu. Nailoni ina kumbukumbu ya umbo, joto linaifanya isahau. Hakikisha hakuna rangi hata chembe. Chemsha maji, epua, ichovye ncha pekee, hesabu moja mpaka tano, bati lisiguse. Toa, ivute kwa vidole mpaka ncha ifanye nukta, kisha ichovye kwenye maji baridi. Angalia vidole usijiunguze. Ikipona nusu, rudia mara moja. Isipopona, kalamu ya kuchora ndoana umepata.

RangiYaZiwa

Imenyooka! Si kama mpya, kuna kajipindo kadogo upande mmoja, lakini nimejaribu kuchora kamba ya mtumbwi na mstari umetoka mwembamba. Mwalimu, ero kamano.

Kwa hivyo tano kwa saba, nikihesabu ya nguruwe. Chupa ya spiriti imebaki theluthi. Kanvasi ya futi tatu kwa nne nimeirudia leo alfajiri kama nilivyoambiwa, nikasimama saa tatu na nusu jua lilipoanza kugonga bati.

Otenga_99

Na hizo mbili zilizokufa? Jiko langu linasubiri.

RangiYaZiwa

Moja nimeinyoa kwa mkasi kama ya yule mwanafunzi. Ya pili nimeiacha na alizeti yake, nachovya kijani, naiburuta kutoka chini kwenda juu. Kila mvuto mmoja unatoa matete kumi na tano hivi, kila moja limeinama upande wake. Miaka mitatu nimekuwa nikiyachora matete ya ufuo wa Dunga moja moja.

Otenga_99

Bei?

RangiYaZiwa

Ya picha au ya brashi?

Otenga_99

Ya brashi.

RangiYaZiwa

Hiyo siuzi.